Breki za Gari la Mjomba

Mkaza mjomba alikula kiapo chini ya mteremko wa machimbo ya mawe: hatapanda tena gari lile la viti viwili mpaka lijifunze kutii. Siku hiyo mumewe alikuwa amekanyaga breki mbele ya njia ya reli, na gari likaendelea na safari yake kana kwamba halikuambiwa kitu. Lilisimama lilipotaka lenyewe, pua ikiwa imeshavuka mstari. Treni haikuwa karibu. Hata hivyo mkaza mjomba alifungua mlango, akashika mkoba wake, akarudi nyumbani kwa miguu, kilomita nne, bila kugeuza shingo.

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi Mjomba alikuwa mlangoni kwa mpwa wake.

Mpwa huyo alikuwa fundi wa breki, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mabega mapana, ambaye mtaa mzima ulimwita Simama. Wateja walidhani jina lilitokana na kazi. Waliomlea walijua kwamba utotoni hakuna aliyewahi kumketisha chini akala.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo sina maneno mengi, nimekuja na dawa."

Mjomba, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alilipenda gari lile kwa miaka thelathini. Lilikuwa jekundu, fupi, limelala chini kama paka anayewinda. Injini aliipa kila ilichoomba. Breki akaziacha zilezile za kiwandani, diski ndogo mbele na dramu nyuma. Sasa alifungua boksi. Ndani mlikuwa na diski mbili pana kama sinia na kalipa za pistoni sita, vile vibanio vinavyoishika diski, zimepakwa rangi ya njano.

"Za gari la mashindano hizi. Zifunge."

Simama alinyanyua kalipa moja, akaigeuza, akairudisha taratibu.

"Hizi hapana, Mjomba."

"Hapana vipi? Nimekwambia ni za mashindano!"

"Ni nzuri sana. Ila umemwazimia mtoto koti la jitu."

Mjomba alikunja uso. Hakuzoea kukataliwa na mtu aliyemfundisha mwenyewe kugawanya. Simama hakubishana. Alichukua katoni tupu, akachora juu yake umbo la diski na kalipa, akalikata kwa mkasi, kisha akavua gurudumu la mbele na kujaribu kuliingiza umbo lile ndani ya rimu. Liligoma. Akalizungusha. Likagoma tena, likapinda pembe.

"Tukokotoe, Mwalimu. Aliyekosea ni mimi au katoni?"

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Katoni lilikuwa bado limepinda.

"Haya," alisema. "Nionyeshe njia yako."

Njia ya Simama haikuwa na rangi ya njano. Alitafuta diski za gari kubwa la familia lililotoka kiwanda kilekile, nene, zenye nafasi katikati za kupitisha upepo, na kalipa za pistoni nne ambazo zilikaa ndani ya rimu na kubakiza nafasi ya kidole. Nyuma aling'oa dramu, akaweka diski pia. Mipira ya mafuta ya breki aliitupa yote. Ule wa mbele kushoto aliuchana kwa kisu, akamwonyesha Mjomba: kwa ndani ulikuwa umevimba, hata sindano ingepita kwa kuomba ruhusa.

"Na bado nilikuwa nakwenda mia na ishirini," Mjomba alinong'ona.

"Kwenda si kazi, Mjomba. Hata jiwe likisukumwa linakwenda."

Jumatano kila kitu kilikuwa kimefungwa na hewa imetolewa kwenye mafuta. Simama alikaa kwenye usukani, akakanyaga. Pedeli ikazama karibu iguse sakafu.

"Unaona!" Mjomba aliruka. "Tumeliharibu!"

"Tulia. Pistoni mpya ni kubwa, zinataka mafuta mengi. Pampu ya zamani inajaza pipa kwa kijiko."

Alikuwa amelitarajia hilo. Pampu kubwa kidogo ilikuwa tayari kwenye rafu. Jioni hiyo pedeli ilisimama juu, ngumu kama ngazi ya zege.

Alhamisi alilipeleka gari peke yake kwenye barabara pana nyuma ya maghala, mahali pasipo na mtu wa kugonga. Kwanza alizizoeza pedi mpya zinazobana diski, kukanyaga na kuachia mara ishirini, akaziacha zipoe. Kisha akaongeza mwendo na kukanyaga kwa nguvu zote. Mkia ukampita. Gari likazunguka, likatulia likitazama lilikotoka. Simama alishuka, akafuata alama nyeusi za matairi kwa hatua zake, akatikisa kichwa kama mpishi aliyeonja chumvi imezidi. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamejifunga kabla ya yale ya mbele. Alipunguza vali inayopeleka mafuta kwenye breki za nyuma nusu mzunguko, akajaribu tena. Akapunguza tena. Mara ya saba gari lilisimama limenyooka kama mstari wa rula.

Ijumaa mkaza mjomba alikuja juu ya mteremko wa machimbo, ambako Simama na Mjomba walimngoja na gari, mkoba begani. Hakwenda upande wa abiria.

"Funguo."

"Mke wangu, si ulisema utapanda..."

"Nitapanda ndiyo. Upande sikuutaja. Simama, ingia. Aliyezifunga akae ndani."

Mjomba akabaki kando ya barabara, kofia mkononi.

Walishuka kwa mwendo wa mtu anayejua anachotaka. Kwenye kona ya pili, geti la machimbo lilikuwa wazi, na lori lilikuwa likirudi nyuma kutoka ndani, limeziba barabara yote. Simama aliliona. Mikono yake aliiacha mapajani. Mkaza mjomba alikanyaga. Mkanda ukambana Simama kifuani, matairi yakaguna, na gari likasimama, hatua nne mbele ya mawe yaliyojaa kwenye lori, bila kuyumba hata nukta.

Harufu ya pedi zilizopata moto.

"Mbona hukusema kitu?" mkaza mjomba aliuliza, pumzi zikimpanda.

"Niseme nini, na nilishazijaribu?"

Mama yule alicheka mpaka akafuta machozi. Simama alishuka, akasogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Kushoto na kulia joto lilikuwa sawa. Mjomba alifika akikimbia, anahema, kofia imeshaanguka huko juu.

"Mwachie kiti mzee wangu," mkaza mjomba alisema. "Nampeleka kwa dada yangu akanywe chai."

Walipoondoka, dereva wa lori alikuwa bado ameshika mlango wake.

"Dada, lile gari ni la mwaka gani?"

"La zamani kuliko wewe."

"Mbona limesimama vile? Langu hili, nikikanyaga, kwanza naomba dua."

Simama alipanda ngazi ya lori, akaibonyeza pedeli kwa mkono mara mbili, akasikiliza upepo ukivuja mahali fulani nyuma ya kiti.

"Shusha mawe uliyopakia," alisema. "Halafu lizime, ulitie kabari kwenye matairi. Nakwenda kuchukua spana."