Mfuko wa Upepo Uliofuliwa

Uwanja wa ndege wenyewe, kama utakubali kuuita hivyo, ulikuwa kipande cha lami, nyumba ya vyumba viwili na choo chenye kufuli. Zamani masetla walifyeka nyasi hapo nje ya Eldoret watue na vindege vyao. Baada ya uhuru serikali ikamwaga changarawe nyekundu ya murram, kisha lami, na watalii wakaanza kupitia hapo kwenda kutazama Bonde la Kerio. Ndani kulikuwa na benchi, picha ya Rais, ndoo mbili za mchanga wa kuzimia moto, na mizani ya magunia ambapo Mzungu alipimwa na begi lake kabla ya kupanda ndege, apende asipende. Choo kilikuwa cha watalii peke yao. Sisi wengine tulijua njia ya kichakani.

Mwenye funguo zote alikuwa Shitanda, mtu wa Malava, mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Alifukuza ng'ombe kwenye lami, akapangusa madirisha, na kila ndege ilipotua alisimama kando akaipungia mikono yote miwili kama mtu anayepokea wakwe. Watu wa kijiji jirani cha Kiplombe walimcheka sana. Yeye wala hakujali.

Mwaka huo wa themanini na nne, binti yake Musimbi alikuwa na miaka kumi, na moyo wake ulikuwa na tundu. Daktari hakumficha Shitanda kitu. Kulikuwa na wapasuaji wageni Nairobi, wangeondoka Jumamosi jioni, na mtoto yule akipelekwa kwa gari, barabara ingemmaliza. Ilikuwa lazima aende kwa ndege. Kapteni Kabiru, rubani aliyeleta watalii kila Ijumaa na kurudi na viti vitupu, alipopata habari alisema maneno machache tu.

"Mzee, nitambeba mimi. Awe tayari saa nne."

Sasa mtu akufanyie wema kama huo, halafu akukute na boma chafu? Haiwezekani. Ijumaa kulipopambazuka Shitanda alisugua benchi, akapaka mawe chokaa, mwisho akainua macho kwenye mlingoti. Pale juu huning'inia mfuko wa turubai, kama mguu wa suruali, ambao upepo huujaza na kumwonyesha rubani atue akitokea upande gani, ili aukabili upepo umpunguzie mbio. Ulikuwa mweusi kwa vumbi. Akaushusha, akampelekea mkewe, Rosebella.

"Mama Musimbi, nifulie hii vizuri. Kabiru asione tunampokea na tambara."

Rosebella akaufua kwa sabuni ya kipande, akisugua na kumwombea mtoto kwa pamoja. Saa tatu na nusu Shitanda akaupandisha ukiwa bado unachuruzika maji. Miaka kumi na tisa, jameni, na uzito wa maji hayo haukumjia akilini. Furaha ilikuwa imemziba macho.

Saa nne ndege ikasikika. Musimbi alikuwa kwenye benchi na mama yake, amevaa sweta ya shule. Shitanda akatoka nje, upepo ukampiga usoni, na hapo akaona ndege inashuka huku upepo ukiisukuma kutoka nyuma. Akatazama mlingoti. Turubai lililolowa lilikuwa limelala tuli, linamdanganya rubani kwamba leo hakuna upepo. Akakimbilia kando ya lami akipunga mikono yote miwili. Kabiru alimwona, akamwashia taa. Alidhani anasalimiwa, kama Ijumaa zote.

Ndege ikagusa chini na mbio zake, lami ikaisha, ikaingia mtaroni na kuvunjika gurudumu la mbele. Hakuna aliyeumia. Watalii wanne walishuka wakicheka kwa woga, wakafunguliwa choo.

Ndege nyingine isingepatikana hadi Jumatatu. Wakakodi gari, Peugeot. Musimbi alikata roho njiani, Timboroa, kwenye ile baridi, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake.

Walimzika Malava. Kabla jeneza halijafunikwa, Rosebella aliinama akamwambia mwanawe alale salama, mama yake hakumnyima kitu. Alikwisha kuambiwa na mumewe kwamba ni breki zilizokataa. Shitanda alisimama pembeni, akamsikia.

Baada ya wiki mbili mkaguzi wa ajali za ndege kutoka Nairobi, Bwana Ndungu, alifika nyumbani kwao. Rosebella alikuwa akimmiminia chai.

"Breki zilikuwa nzima," Ndungu alisema. "Ule mfuko ulikuwa umelowa, haukuinuka, rubani akatua na upepo nyuma. Nani aliufua?"

Birika likasimama hewani.

"Mimi," Shitanda akajibu upesi.

Ndungu akaandika, akamwambia arudishe funguo kesho, akaenda zake bila kumaliza chai. Rosebella akakaa chini taratibu.

"Mbona umemwambia ni wewe?"

"Nilikutuma mimi. Kosa ni langu, Mama Musimbi. Wewe hukujua."

"Na wewe ulijua lini?"

Shitanda hakuwa na nguvu ya uongo mwingine. "Ndege ikiwa bado juu."

Rosebella akaliweka birika chini. Hakupandisha sauti.

"Basi ungeniambia. Mtoto alikuwa pale mbele yangu, uso wazi. Ningemwomba msamaha. Wewe ukaniacha nimwambie sikumnyima kitu."