Karabai ya Kijani

Mwalimu Vaileth wa Zinga alikuwa na starehe moja tu: karabai za zamani. Alizinunua zikiwa zimeliwa na kutu, akazifungua, akazisugua kwa msasa na kuzipulizia rangi mpaka zikang'aa kama zimetoka dukani. Iliyozishinda zote kwa uzuri ilikuwa ya kijani. Tangi lake lilikuwa na ufa chini, na kwa kuwa Vaileth hakujua kulehemu, aliuziba kwa puti, akapaka rangi juu yake. Ilikuwa ya kutazamwa tu.

Jirani yake, Bi Mwanahija, akaja kuiazima apambie jukwaa la harusi ya bintiye.

"Chukua, ila usiiwashe," Vaileth alimwambia.

"Kwani mbovu?"

"Mbovu wapi! Nimeitengeneza mwenyewe. Sitaki masizi tu."

Bi Mwanahija alikuwa ameisifu mno. Vaileth aliona haya kusema kweli.

Siku ya harusi alichelewa, akisahihisha mitihani. Magharibi umeme ukakatika. Alikuwa anafunga kilemba dirishani alipoona mwanga mweupe ukimwagika kutoka kwa jirani. Mwanga ule aliujua. Alitoka mbio, pekupeku.

Ndani wanawake walikuwa wakiimba. Karabai ilikuwa mezani, pembeni kabisa mwa bibi harusi, na harufu ya mafuta ya taa ilimpokea Vaileth mlangoni. Hakuamkia mtu. Alijipenyeza, akainyakua kwa kishikio chake, akatoka nayo huku mafuta yakimchuruzikia gaunini. Akaiweka mchangani, mbali na watu, akalegeza skrubu ya kutolea upepo. Ikafoka, ikazima.

Bi Mwanahija alimfuata na tochi ya simu.

"Mwalimu! Unatuzimia taa siku ya mwanangu? Tumekukosea nini?"

Vaileth aliiinamisha karabai. Chini ya tangi rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, na mafuta yalidondoka kutoka kwenye ule ufa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Shela la mwanangu lilikuwa linaigusa hii," Bi Mwanahija alisema taratibu. Akageuka, akarudi ndani, ambako nyimbo zilikuwa zimeanza tena kwa mwanga wa simu.

Vaileth hakuingia. Alilala macho, mikono ikimnukia mafuta ya taa ingawa aliinawa tena na tena. Asubuhi alichukua msumari na nyundo, akalitoboa tangi lile pande zote, lisije likashika mafuta tena. Kisha akaenda kuomba radhi.

"Nimesikia, Mwalimu," Bi Mwanahija alimjibu akiwa amesimama mlangoni. "Mungu katustiri." Hakumkaribisha ndani.

Hadi leo wanasalimiana kila asubuhi, na salamu zenyewe ni ndefu, za kuulizana hali na watoto. Lakini chumvi ikimwishia, Bi Mwanahija huipita nyumba ya Vaileth, akaenda kuomba nyumba ya tatu.