Vitatu Kati ya Vinane

Mpishi wa shule ya bweni hapimi kwa kijiko. Anazamisha mkono kwenye gunia la chumvi, anarusha sufuriani, anaonja, basi. Mama Bibie alipika hivyo miaka ishirini na miwili, akilisha wanafunzi mia nne, na jicho lake aliliamini kuliko mizani yoyote. Watu walimsifu kwa jicho hilo. Nami ningemsifu, kama lisingemponza.

Bibie, mwanawe wa pekee, alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi ya bima. Mwaka ule alianza kuamka vidole vimekakamaa, viungo vinamuuma, na wekundu umemtanda mashavuni mpaka juu ya pua. Ofisini wakanong'ona kwamba amejichubua kwa krimu za vichochoroni. Jamani, kuna watu hawana kazi! Alizungushwa hospitali hii na ile, akatibiwa magonjwa asiyokuwa nayo, mpaka akafika kwa daktari mmoja mwembamba, mpole wa sauti, aliyemwambia kuwa ni lupus.

"Askari wa mwili wako wamegeuka," daktari alieleza. "Badala ya kupiga wezi, wanawapiga wenye nyumba. Leo viungo, kesho ngozi, keshokutwa figo."

Akampa vidonge vidogo vyeupe, vinane kila asubuhi akishakula. Visiachwe wala kupunguzwa, ila aseme yeye.

Kwa kuwa vidole vya Bibie havikuweza kufungua chupa asubuhi, kazi hiyo aliichukua mama. Anafungua, anahesabu, anamwekea kiganjani pamoja na chai.

"Haya, panua mdomo."

"Mama, mimi si kifaranga."

"Kwangu ni kifaranga mpaka uzeeke."

Na vidonge vilifanya kazi, tusivisingizie. Maumivu yakatulia, wekundu ukafifia. Lakini uso! Uso wa Bibie ulivimba ukawa duara, shingo ikazama, macho yakabaki madogo. Mama yake mdogo, mwanamke asiyeweza kukaa dakika mbili bila mzaha, alipomwona alishika kiuno. "Bibie, mashavu hayo umeyaazima kwa nani?" Bibie alicheka pamoja naye, kisha akaenda chumbani akageuza kioo kikatazama ukuta.

Alikuwa na mchumba, fundi umeme, kijana wa maneno machache. Yeye hakusema kitu. Aliyesema ni mama yake, aliyekuja siku moja kusalimia, akamkagua binti wa watu juu mpaka chini, halafu akamfuata mpishi jikoni.

"Mwenzangu, tusifichane. Huyu atazaa kweli?"

"Atazaa!" mpishi alimjibu, mwiko mkononi. "Tena atazaa mpaka mseme basi."

Mgeni alipoondoka, mpishi alibaki na hasira na hofu. Asubuhi iliyofuata aliishika ile chupa, akaitazama kama anavyotazama mchuzi uliozidi chumvi. Kikizidi, unapunguza. Ndivyo alivyojua maisha yake yote. Kabatini alikuwa na vidonge vyake vya vitamini, vyeupe, vidogo, ungevichanganya usijue kipi ni kipi. Akaweka vitano vya vitamini na vitatu vya daktari. Vinane, kama kawaida. Bibie akameza bila kutazama. Unadhani mama alijisikia mkosaji? Hata! Siku ile alijiona mama kwelikweli.

Baada ya wiki chache uso ulianza kupungua, na shingo ikaonekana tena. Mama mdogo alipiga vigelegele, fundi umeme alimleta Bibie mpaka mlangoni wakicheka, na mama mkwe mtarajiwa akatuma salamu ndefu. Mpishi aliimba jikoni hadi wasaidizi wake wakamuuliza kama amechumbiwa yeye. Moyoni alijiambia kuwa madaktari wamesoma sana, sawa, lakini mwana humjui kama hukumzaa.

Wiki ya sita, viatu vya kazini vikagoma kuingia.

"Ni kukaa kitini kutwa nzima," mama alisema.

Siku chache baadaye Bibie akamwambia, kwa aibu kidogo, kwamba mkojo wake unatoa povu.

"Kunywa maji. Hunywi maji wewe."

Alipoamka kope zimevimba hadi macho hayafunguki vizuri, hapo mpishi aliogopa. Asubuhi hiyohiyo alirudisha vidonge vyote vinane, vya kweli. Hakumwambia mtu. Siku tisa baadaye Bibie aliishiwa pumzi akiwa kwenye meza ya mapokezi, na wenzake wa ofisini, walewale wa krimu, ndio waliomkimbiza hospitali.

Walimtoa kinyama kidogo cha figo kwa sindano wakakipima. Majibu yalikuja saa za mchana, wodi ina joto, feni inazunguka bila faida. Daktari mwembamba alikaa kwenye kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu.

"Bibie, figo zinashambuliwa vibaya. Vile vidonge umevitumia kikamilifu, vimeshindwa. Inabidi tuingie kwenye dawa kali ya kudunga mshipani. Inaweza kuziokoa. Lakini sitakuficha, inaweza pia kukufunga kizazi."

Bibie aliutazama mkono wake wenye sindano. "Hakuna nyingine?"

"Kama ile ya kwanza isingejaribiwa vizuri, pengine ningesita. Lakini imejaribiwa."

Mpishi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameukumbatia mkoba. Nani angejua? Chupa ya vitamini ilikuwa nyumbani kwake, kabatini kwake, na siri ilikuwa kifuani mwake peke yake. Angeweza kunyamaza akalia kama mama wengine, watu wakamfariji. Lakini kama neno lake lingeweza kumwokolea mwanawe uzazi, angelimezaje?

"Daktari," alisema, "haikujaribiwa."

Akasema yote. Vitatu na vitano. Tangu lini, mpaka lini. Hakujitetea ila mara moja tu, alipoulizwa kwa nini hakuuliza kwanza.

"Uso wake, daktari. Walikuwa wanamcheka mwanangu."

Daktari aliandika tarehe, akafunga faili polepole. "Ungeniambia hata mwezi uliopita, mama, tungekuwa na nafasi. Sasa figo zimeshaanza makovu. Nikingoja, nitazipoteza zote mbili. Dawa ni ileile ya mshipani, na naianza leo."

Akaondoka kwenda kuiagiza. Mpishi aliona haya kiasi kwamba kama wangeleta kisu na sinia pale pale, angetoa figo zake mwenyewe bila kuuliza. Alimgeukia mwanawe.

"Bibie, mama..."

"Nilikuambia povu," Bibie alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuja kwako nikakuambia. Ukaniambia ninywe maji."

Muuguzi aliingia na chupa ya dripu na kadi mpya ya dawa. Akaitundika ile chupa, akatoa kalamu.

"Haya, nani anasimamia dawa zake nyumbani? Nataka nimwelekeze."

Mpishi aliinua mkono nusu.

"Mama yangu mdogo," Bibie alisema. "Mama atampigia aje."

Mkono ule ukashuka. Muuguzi akawatazama, mmoja baada ya mwingine, akaandika.

"Mpigie, Mama. Mwambie ahamie kwetu. Akiuliza kwa nini, umweleze wewe. Mimi sitamwambia mtu."

Simu iliita mara mbili tu. Sauti ya mdogo wake ilitoka juu, changamfu, hadi kitanda cha tatu wakasikia.

"Eeh, dada! Bibi harusi wetu hajambo? Mwambie aache kudeka, nimeshachagua kitambaa!"

Bibie alikuwa anamtazama mama yake. Dripu ilikuwa imeanza kudondoka.

"Mdogo wangu, kaa chini kwanza," mpishi alisema. "Upo peke yako? Basi kaa. Bibie hana kosa, na dawa haina kosa. Mimi ndiye niliyemfanyia."

Upande wa pili kicheko kilikatika. Akaanza kumweleza, tangu asubuhi ile ya kwanza.