Alama Kumi na Moja za Mheshimiwa

Kuhusu kalamu nyekundu huniambii kitu. Miaka thelathini na minne nilisahihisha madaftari ya darasa la saba, na watoto walinibandika jina wakidhani silijui: Mwalimu Rudia. Nililijua. Tena nililipenda.

Siku niliyomsomea wifi yangu gazetini kwamba muswada unapelekwa bungeni, na kifungu chake cha tisa kinakata nusu ya pensheni ya walimu waliostaafu zamani, sikulia. Nilitafuta karatasi. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu, naye alifundisha darasa la kwanza mpaka macho yakamchoka. Tunaishi wawili. Pensheni yangu inalipa kodi ya nyumba, yake inatulisha na kununua sindano zake za sukari. Ikatwe nusu, nyumba hiyo tena hatuna. Wifi alinyanyuka, akapanga nguo kwenye begi, akaliweka nyuma ya mlango.

"Nitakwenda kwa mwanangu," akasema. "Nitalala sebuleni, kwenye kochi. Kwani watu hawalali makochi?"

"Thubutu! Begi hilo haliendi popote."

Nikawaita wastaafu wenzangu tumwandikie mbunge wetu. Tulikuwa saba mezani, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwalimu hawezi kupewa karatasi akaiacha bila kuisahihisha. Huyu anafuta aya, yule anairudisha, mwalimu mkuu mstaafu anadai utangulizi haupo. Wiki mbili, rasimu tisa! Wifi akapayuka kutoka jikoni, "Mnaiandika hiyo barua au mnaizika?" Tuliona haya. Kesho yake ikaenda posta.

Majibu yalikuja kurasa mbili, yamepigwa chapa safi kabisa. Mheshimiwa alitushukuru. Alituita taa ya taifa, nguzo ya jamii, wazazi wa wote. Kuhusu kifungu cha tisa, kimya kama maji mtungini.

Hasira zilinipanda mpaka utosini. Nikachomoa kalamu. Penye "taa ya taifa" nikaandika: *Na mafuta je?* Ukurasa wa pili: *Umetoka nje ya swali.* Mwisho kabisa: *11 kwa 100, zote za usafi wa karatasi. Rudia.* Sikukusudia aione mtu. Nilikuwa napumua tu.

Halafu, nikiwa nimetulia, nikaliandikia gazeti barua ya adabu, mstari kwa mstari, "kwa heshima na taadhima". Nikaiacha mezani pamoja na bahasha, nikamwambia wifi aitie, aipeleke posta. Mimi nilikuwa nawahi hospitali kumwona mwenzetu.

Siku ya nne, fundi cherehani wa jirani alikuja mbio. "Mwalimu, umo! Umo gazetini!" Ukurasa wa tatu: barua ya mheshimiwa nzima, na wino wangu mwekundu juu yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Wifi! Umetia barua gani kwenye bahasha?"

"Iliyokuwa mezani."

"Zilikuwa mbili!"

"Macho yangu si unayajua, wifi," akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Wiki iliyofuata gazeti lilijaa. Kumbe wastaafu wa kila upande walikuwa wamewaandikia wabunge wao na kujibiwa maneno yaleyale, taa, nguzo na wazazi! Nao kalamu hawakuzitupa. Mmoja alitoa tisa, mwingine sifuri, mwingine akaandika *Njoo na mzazi*. Watu walicheka sokoni, walicheka vituoni, na walipomaliza kucheka wakaulizana hicho kifungu cha tisa kinasemaje. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kutoka jasho. Chezea mwalimu wewe!

Mbunge wetu aliandika tena, safari hii kwa mkono, mstari mmoja: "Kifungu cha tisa nitakipinga, na nitasimama kusema hivyo." Alhamisi tuliketi kwenye redio. Akasimama. Wakasimama na wengine. Kura zilipohesabiwa, kifungu kikaanguka, na wifi akapiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani akajibu.

Mimi nikaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, nikalifungua begi, nikaanza kurudisha nguo zake kabatini. Chini kabisa, chini ya sweta, palikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa barua yangu ya adabu kwa gazeti.

"Wifi! Kumbe ulijua!"

"Macho mabovu, lakini nyekundu naiona hata nikiwa mlangoni," akasema. "Hiyo yako nyeupe ilikuwa inaomba, wifi. Mimi sikutaka kuomba. Na kochi la mtu sikulitaka kabisa."

Nikamkumbatia, nikalia machozi niliyoyabana tangu siku ile ya gazeti. Kisha nikatundika gauni lake mahali pake.