Mgonjwa Aliyelala Katikati ya Mtihani

Nimeshakufa mara tatu katika chuo kile cha uuguzi, na mara zote nimefika nyumbani kabla chai haijapoa. Ndiyo kazi niliyojipatia baada ya kuachana na ufundi saa: mgonjwa wa kuigiza. Wauguzi wanaosomea shahada ya uzamili hutahiniwa juu yangu. Napewa karatasi ya ugonjwa, naikariri, napanda kitandani, naugua. Siku niliyopewa homa, kipimajoto kilipanda chenyewe kikiwa bado mezani. Asiyeamini akakiulize.

Safari hii karatasi ilisema: mzee ana kizunguzungu, ameanguka bafuni mara mbili. Siri yake, anameza vidonge vya usingizi vya jirani. Asiitoe mpaka aulizwe. Mtahiniwa asiyeuliza, amefeli.

Aliyeingia ni Mama Wodi. Wenzake walimbatiza hivyo kwa kuwa aliuguza watu miaka ishirini kabla ya kurudi darasani, na walimu wake wengine angeweza kuwazaa. Mtihani huu alikwisha kuufeli mara moja, kwa kuchelewa kumaliza. Hii ilikuwa ya pili, na ya tatu haikuwepo. Akishindwa, miaka miwili ya chuo inakwenda na maji. Kwenye kona alikaa mtahini, kijana tuliyemwita Nukta, maana alikata alama hata kwa nukta.

Mama Wodi aliniamkia, akavuta kiti, akaketi. Wengine husimama. Nikaanza kumsimulia nilivyoanguka kwa kishindo hata jirani wa chini akaidaka ndoo yangu ikiwa bado imejaa. Wengine hapo hunikatiza. Yeye alicheka kidogo, akauliza ni mguu upi ulioteleza kwanza, kisha akanishika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo.

Vidole vyake vilikuwa na joto. Pazia jeupe likawa linavuta pumzi polepole. Kwa mbali nikasikia saa zote nilizowahi kutengeneza, kila moja na wakati wake, zikianza kukubaliana moja moja. Kitanda kikaachia sakafu. Nikapita juu ya paa la maktaba, nikamkuta marehemu mke wangu akianika mashuka kwenye kamba isiyo na mwisho. Akaniambia nisisimame kama mgeni, nishike ncha ile. Nikashika. Tukakunja shuka, tukakunja na anga kidogo.

Nilipofumbua macho, zilibaki dakika mbili. Nukta alikuwa amesimama. Baadaye niliambiwa alimwamuru Mama Wodi aniamshe, naye akajibu kuwa usingizi wa mgonjwa nao ni maelezo.

"Umelala vizuri, baba," alisema Mama Wodi. "Na nyumbani, usingizi unakuja wenyewe, au kuna kinachokusaidia?"

Nikamwaga yote, vidonge na jirani. Kengele ikalia.

Nukta akaweka kalamu chini. Kwenye karatasi hakuna kulala, alisema. Eti kwa kulala nimemdokezea jibu la vidonge, kwa hiyo mtihani umebatilika. Nikaapa kwamba nililala kweli.

"Mzee, wiki iliyopita uliniambia uliwahi kutengeneza saa ya jua."

"Ilikuwa inachelewa," nikasema.

Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na ukweli mkononi, na haukupata mnunuzi. Mwanamke wa watu angeangushwa na mdomo wangu.

Mama Wodi hakubembeleza. Alisoma alichoandika: mapigo themanini na nne nikisimulia, sitini na sita nikiwa kimya, pumzi ishirini, kisha kumi na mbili.

"Huyu mzee mdomo wake ni mwongo, mwalimu. Mapigo yake hayajui kusimulia."

Kisha akaniinua bega taratibu, akamgeuzia Nukta ule mto. Doa la mate, pana kama kiganja.

Nukta alilitazama muda mrefu. Akavaa glavu, akaligusa. Akaketi, akaandika kuwa amefaulu, halafu akamwomba abadilishe foronya, maana mtahiniwa mwingine alikuwa mlangoni.

Mama Wodi akaibadilisha. Mikono iliyotulia muda wote ule, sasa iliukosa mdomo wa foronya mara mbili, hata ikabidi nimshikie ncha moja.