Vigae vya Ukutani

Ko. Ko. Ko. Kisha sauti ikabadilika, ikawa bu, kama mtu anayegonga debe tupu. Ko tena, halafu bu, bu.

Kioo alikuwa amesimama nje ya mlango wa bafu la mama yake, kichwa amekiegemeza ukutani. Hakuhitaji kuchungulia. Alijua aliyepiga magoti mle ndani ni mjomba wake, na anachogongea ni mpini wa mwiko wa uashi, kigae kimoja baada ya kingine, vile mjomba alivyomfundisha Kioo miaka tisa iliyopita. Kigae kilicholala vizuri juu ya saruji hujibu kwa sauti kavu. Kilichobandikwa juu ya madonge manne, katikati kukabaki hewa, hujibu bu. Kioo alihesabu bu kumi na moja, akaacha kuhesabu.

"Ingia, fundi mkubwa," mjomba aliita. "Au unangoja kadi ya mwaliko?"

Akaingia. Bafu lilikuwa linameta kutoka sakafuni hadi darini. Ndiyo maana watu walimwita Kioo: juu ya sakafu zake mtu angeweza kujitazama akachana nywele. Hili alilijenga miaka miwili iliyopita, zawadi kwa mama. Aling'oa saruji ya kijivu iliyokuwa ikikwaruza nyayo, akaweka vigae vyeupe vinavyong'aa na sinki la kioo jembamba kama sahani. Wateja aliwaleta humu humu. Walivua viatu mlangoni, wakashika midomo, na sita kati yao wakasema wanataka kama hivi hivi.

Wiki tatu zilizopita mama alitoka chini ya bomba la mvua, akateleza. Alidaka sinki. Sinki likang'oka ukutani na skurubu zake mbili, wakaanguka wote wawili. Nyonga ikavunjika. Alilala pale chini tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, dada yake Kioo aliporudi kutoka kazini. Hospitali walimtia vyuma, na sasa walisema zimebaki siku kumi arudi nyumbani.

Mjomba alijaza kikombe maji, akayamwaga chini ya bomba. Maji yalisita kidogo, kisha yakalipa kisogo tundu la kutolea maji, yakaenda zake mlangoni. Yakatuama pale pale mama alipokanyaga. Mzee aliokota kipande cha kigae kilichopasuka, akakigeuza mgongo, akakitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Hiki ni cha ukutani," alisema.

Kioo alijua hilo tangu siku alipokinunua. Muuza duka alimwonya kwamba mali ile haikanyagwi, naye akamjibu kwa dharau kwamba kazi ni mikono ya fundi, si maandishi ya boksi. Vigae vya sakafuni vilikuwa vimepauka, havina mvuto. Yeye alitaka sifa.

Mjomba akauliza kama mama anajua. Kioo akatikisa kichwa. Kila mgeni aliyefika wodini, mama alimwambia ni miguu yake tu, uzee umeshaingia, na pengine ni povu la sabuni. Kioo alikaa pembeni ya kitanda akimmenyea machungwa. Wageni walimsifu: kijana gani siku hizi anamuuguza mama yake namna hii? Aliendelea kumenya.

"Sakafu nitakusaidia kuivunja," mjomba alisema akijiinua kwa shida. "Hilo lingine utalibeba mwenyewe."

Kesho yake walikwenda dukani, kwa muuza vigae yule yule. Kioo aliomba ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Alipanga vigae vya aina nne chini, akavilowesha, akavipaka povu, akavua viatu na kuanza kuvikanyaga kimoja kimoja, mguu mmoja hewani, mkono begani kwa mjomba. Wateja walisimama kutazama. Muuza duka alimuuliza kama amekuja kununua au kucheza ngoma. Zamani angemjibu neno la kumchoma. Safari hii aliendelea kukanyaga.

Viwili vilimtupa papo hapo. Cha tatu kilishika, lakini Kioo alipokigeuza na kudondosha tone la maji mgongoni, kilikunywa tone lote kama ardhi ya kiangazi. Maji yakiingia mgongoni, kigae hakidumu. Cha nne kilikuwa kidogo, upana wa kiganja, rangi ya jivu, hakina mng'ao wowote. Udongo wake ulikuwa mmoja juu hadi chini, kwa hiyo hata ukichunwa hauonyeshi kovu. Tone la maji lilikaa mgongoni mwake bila kuzama. Na povu juu yake, unyayo ulishika kama umeota mizizi. Udogo wake nao ulikuwa faida, maana mianya kati ya vigae ingekuwa mingi, na kila mwanya ungeuzuia mguu.

"Kibaya," Kioo alisema.

"Kibaya sana," mjomba alikubali. "Chukua hicho."

Kwenye sinki alikuwa mgumu zaidi. Ya kioo hakuyatazama hata kidogo. Alipita kwenye yale ya kauri nyepesi, akayagonga kwa ukucha, akaenda. Mwishoni alifika kwenye sinki la kauri nene lenye mguu wake wa kusimamia chini, ukingo mpana wa kushikika, akaliegemea kwa uzito wake wote. Muuza duka alimuuliza kama ananunua sinki au punda. Kioo akasema ananunua kitu cha kushika mtu anapoanguka. Muuza duka, aliyekuwa amesikia habari za mama, aliacha utani.

Walivunja sakafu kwa siku mbili. Kila kigae cha bu kilibanduka chenyewe, kikionyesha madonge manne na utupu katikati. Kioo alimwaga saruji upya, akaipa mteremko kwa uzi na pima maji, kutoka kila kona kuelekea kwenye tundu. Safari hii alipaka saruji mgongo mzima wa kigae, bila kubakiza hata upana wa kidole. Sinki alilisimamisha juu ya mguu wake, kisha akalibana kwa bolti zilizotoboa ukuta hadi upande wa pili. Saruji ilipokauka, mjomba alikalia ukingo wa sinki, akaning'iniza miguu kama mtoto juu ya ukuta, akatangaza kwamba sasa anaweza kuletewa chai. Halafu akashuka, akagonga sakafu yote. Ko, ko, ko, hadi kona ya mwisho.

Mama alirudi Ijumaa, akijikongoja na fremu ya chuma ya kutembelea. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza maisha yake yote, na hata alipoumwa hakupenda kushikwa mkono. Dada alimwambia bafu limetengenezwa upya. Mama akasema ahsanteni, lakini ataogea chumbani kwa beseni, maisha yake yaliyobaki.

"Msihangaike," alisema. "Tatizo si bafu. Tatizo ni miguu hii."

Kioo alimtazama mjomba. Mjomba alitazama dirishani.

"Si miguu yako, mama." Sauti ilimtoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Si miguu yako. Nilikuwekea sakafuni vigae vya ukutani, na nilijua. Mteremko niliukosea, sinki nikalitundika kwa skurubu mbili. Nilitaka bafu lipendeze. Na wodini nilikaa nikakuacha ujilaumu."

Dada aliziba mdomo. Mama hakulia wala hakumwambia kwamba amemsamehe. Alikaza vidole kwenye fremu. Kisha akaigeuza, akaenda bafuni polepole, watu watatu nyuma yake wakiwa wamezuia pumzi. Alivua kandambili. Aliweka unyayo mmoja juu ya vile vigae vya jivu, akaukandamiza, akaweka wa pili. Alishika ukingo wa sinki, akalitikisa kwa mikono yote miwili. Halikutikisika.

Bila kugeuka, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia nani kavunja dirisha, akasema, "Na wale uliowaleta hapa, wakataka kama hivi hivi? Walikuwa sita, nakumbuka, niliwapikia chai. Wao umewawekea nini?"

Hilo Kioo hakuwa amelitazamia. Akilini alimwona mmoja wa wale sita, mkunga mstaafu wa kwenye kona ya mtaa, mifupa yake mikavu. Alimwona mke wa fundi cherehani, mimba ya miezi minane, akitoka kuoga juu ya vigae vile vile. Jina lake lote la ufundi lilikuwa limelala katika nyumba zile sita, linameta.

"Vile vile," alisema.

Mama aligeuka sasa, akamtazama usoni, akangoja.

"Naenda sasa hivi, mama, kabla sijaketi," Kioo alisema. "Naanzia kwa mke wa fundi cherehani, halafu kwa mkunga, halafu kwa wote wanne waliobaki. Nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba niliwaharibia sakafu. Na sitashika kazi mpya ya mtu yeyote mpaka kigae cha mwisho nilichokosea kitoke chini ya mguu wa mtu. Nakuahidi."