Machozi ya Kutumwa

Yaya wetu aliomba aongezewe siku za likizo, amuuguze mama yake mpaka apate nafuu. Kusema kweli niliogopa kubaki na binti yangu, maana hata kumbembeleza alale sijui. Nikamnong'oneza mtoto: yaya akitoka na begi lake, mng'ang'anie umlilie.

Asubuhi mtoto akamshika gauni, kisha akanigeukia.

"Mama, nianze kulia sasa?"

Uso uliniwaka. Nikajitia kutafuta kijiko kabatini.

"Dada, ndiyo umefikia hatua ya kumtuma mtoto?" yaya akauliza, akimpangusa kamasi.

"Nilidhani ungeghairi."

"Mama yangu hawezi hata kujigeuza kitandani. Naenda, nitarudi akiinuka. Ukitaka kutafuta mwingine, tafuta. Samahani siombi."